Kuni za Karakana

Siku jiko lilipoingia nyumbani, ilibidi mlango ung'olewe. Wanaume wanne walilibeba wakilaani na kucheka kwa zamu, na Seremala, mwenye nyumba, ambaye mlango ule aliuchonga kwa mikono yake mwenyewe, alipanda kigoda akalegeza bawaba huku misumari ameibana kwa midomo. Lilikuwa jiko la kuni la chuma cheusi, limekwisha kutumiwa na wengine, lenye miguu minne mifupi iliyopinda na kimlango cha mbele kilichoning'inia kidogo. Bomba lake la moshi lilipandishwa mpaka darini, bati likatobolewa, likachungulia nje kama shingo ya bata.

"Haya sasa," akasema mkewe akikung'uta vumbi mikononi. "Moshi utapita njia yake, na sisi tutapita yetu."

Mkewe huyo kila mtu alimwita Chiriku, kwa jinsi alivyokuwa mwepesi wa maneno tangu utotoni. Alikuwa dobi katika nyumba ya wageni, akifua mashuka ya watu asiowajua, na jioni alirudi na visa vya mashuka hayo vilivyomchekesha mama mkwe wake mpaka akakohoa. Na kukohoa huko ndiko kulikoleta jiko. Kifua cha bibi kilikuwa kibovu. Baridi ya mji ule wa mlimani haikumfaa, na moshi wa mafiga waliyopikia siku zote ulikuwa unammaliza kidogo kidogo. Muuguzi wa zahanati alimwambia Chiriku, "Mama Kidoti, katika nyumba ile atoke moshi au atoke bibi." Alisema kama anayetania, lakini hakucheka. Chiriku akatoa zamu yake yote ya upatu, mumewe akaongezea alichokuwa nacho, wakalinunua jiko kwa muuza vyuma chakavu.

Jioni ya kwanza liliwaka vizuri. Bibi alivutiwa kiti karibu, akanyoosha miguu yake iliyovimba, akakaa akiutazama moto kwenye ufa wa kimlango. Kidoti, binti yao aliyekuwa na miaka sita na baka jeusi shavuni, alijikunja mkekani mbele ya jiko kama paka.

"Mwanangu," bibi akamwambia mkwewe, "mimi nimepika maisha yangu yote nikilia machozi. Leo ndiyo kwanza nauona moto bila kulia."

Chiriku akageuka upande, akajifanya anatafuta kifuniko cha sufuria.

Walichosahau kukipigia hesabu ni kwamba jiko nalo hula. Lenye tumbo kubwa halishibi kwa vijiti. Mvua zilikuwa zimeanza, na kuni kavu zilipanda bei hadi wauzaji wenyewe walikuwa wakizitaja kwa aibu. Seremala akamwambia mkewe asihangaike, karakana yake imejaa mabaki. Tangu hapo alirudi kila jioni na gunia begani: vipande vya plaiwudi, mbao za makabati yaliyovunjwa, miguu ya meza iliyopakwa rangi ya buluu na ya kijani.

"Bure kabisa," alisema, akilitua gunia kwa fahari ya mtu aliyeleta nyama.

Mabaki hayo yaliwaka kwa kishindo. Kwa siku za mwanzo nyumba ilipata joto hata bibi akavua sweta moja kati ya mawili. Kisha jiko likaanza kugoma. Ukifungua kimlango kuongeza kuni, moshi ulikurudia usoni. Ukikifunga, moto ulisinzia. Chiriku alipuliza, akapepea, akatoa majivu mpaka chini kabisa, akakandika udongo kwenye maungio ya bomba. Alijaribu kila ushauri wa majirani, na majirani hawakuwa wachoyo wa ushauri. Mmoja alisema jiko lina kijicho, mwingine akasema limewekwa kinyume.

Mumewe ndiye aliyemfundisha habari ya kizibo. Ndani ya bomba, usawa wa kifua, palikuwa na kipande cha bati cha duara chenye mkono uliotokeza nje. Ukiugeuza mkono, njia ya moshi inakuwa nyembamba, moto unapoa, kuni zinadumu.

"Ukikifunga vizuri, gunia moja linatuvusha siku mbili," alisema.

"Na moshi je?"

"Moshi utapata pa kupitia. Moshi haukosi njia."

Jumapili moja wifi yake akaja. Huyu alikuwa dada mkubwa wa Seremala, mwenye duka la vitambaa na nyumba ya matofali, mwanamke aliyepikia umeme na hakuacha watu wasahau. Alisimama kizingitini, akaziba pua kwa leso.

"Humu mnaishi au mnakausha nyama?"

"Karibu, wifi," Chiriku akasema. "Jiko bado tunalizoea. Leo kuni zimekuwa na ukaidi."

"Kuni ni kuni. Jiko zuri likimpata asiyejua kuliwasha, linakuwa bati tu." Akamwinamia mama yake. "Mama, macho yako mekundu. Unaona unavyofukizwa?"

Seremala alikuwa amekaa dirishani, anachonga penseli yake kwa kisu. Alichonga mpaka ncha ikakatika, akaanza upya.

"Mwacheni," bibi akasema. "Anajifunza. Nani aliyezaliwa akijua?" Kisha akaivuta hewa puani taratibu, kama mtu anayeonja mchuzi wa mwenziwe, akamtazama mwanawe. Seremala hakuinua kichwa.

Chiriku hakuuelewa mtazamo ule. Alidhani mama mkwe anamwonea mwanawe haya kwa sababu ya mke asiyejua kuwasha moto.

Mkosi uliangukia alasiri ya mvua. Chiriku alirudi kazini mapema, akamkuta bibi anatetemeka chini ya mablanketi mawili, midomo imebadilika rangi. Dawa ya kifua ilikuwa imekwisha. Akalijaza jiko mbao za gunia, akangoja miali isimame, kisha akaugeuza mkono wa kizibo. Kwa kuwa zile zilikuwa mbao za mwisho na mumewe hangerudi mpaka usiku, aliugeuza kupita alivyozoea.

"Mama, nakimbilia dukani kuchukua dawa. Sikawii."

"Nenda, Chiriku wangu. Uniletee na kisa."

Dukani alikuta foleni. Alipopata dawa, mvua ilikuwa imegeuka kamba, akajibanza chini ya upenu pamoja na wengine akingoja ipungue. Palikuwa na mwanamke mmoja aliyekuwa akisimulia jinsi mumewe alivyoteleza na ndoo ya maziwa, na Chiriku alicheka pamoja nao. Baadaye, kicheko kile ndicho kilichomsumbua kuliko vyote.

Aliporudi, Kidoti, aliyekuwa akicheza kwa jirani, alikuwa amesimama nje, mvua inamchapa, kucha ziko mdomoni.

"Mama, bibi hataki kuamka. Nimemvuta hataki."

Moshi ndani ulikuwa umelala chini, mzito, wa manjano, unawasha macho na koo kama pilipili. Bibi alikuwa sakafuni kati ya kiti na mlango. Ilionekana alikuwa ametambaa. Chiriku alimshika kwapani akamburuta hadi nje, akapiga magoti kando yake matopeni, akapiga ukelele ambao majirani waliusikia juu ya ngurumo.

Zahanati walimwekea hewa ya mtungi, naye akazinduka, akiwa hawezi kusema. Wifi alifika kabla nguo za Chiriku hazijakauka. Ukumbini palikuwa na wagonjwa wengi kwenye mabenchi, na hakupunguza sauti.

"Umemfungia mama yangu moshini, wewe ukaenda kupiga soga!"

"Nilikwenda kuchukua dawa, wifi."

"Nani aliyefunga lile bomba?"

"Mimi." Sauti yake ilikuwa ndogo. "Ni mimi niliyefunga."

Seremala akaingia akikimbia, vumbi la mbao limemganda nyweleni kwa mvua. Alimtazama mama yake kitandani kupitia mlango uliokuwa wazi, akamtazama mkewe aliyejaa matope, akafungua kinywa. Chiriku alimngoja. Watu wa mabenchi nao walimngoja.

"Mungu amesaidia," akasema, akakaa.

Bibi hakurudi nyumbani. Wifi alimchukua moja kwa moja hadi kwenye nyumba yake ya matofali, na siku iliyofuata akamtuma mtu kuja kuchukua nguo zake.

Kwa siku kadhaa Chiriku hakuliwasha jiko. Walikula mkate mkavu na maziwa baridi, Kidoti akilala na soksi. Kazini wenzake waliacha kuzungumza alipoingia chumba cha kufulia, wakaanza tena kwa sauti ya juu, habari za sabuni. Hatimaye akapiga moyo konde. Akapanda kigoda, akalegeza maungio ya bomba moja moja, akalishusha.

Lilikuwa zito kupita kiasi. Alipochungulia ndani, hakuona mwanga upande wa pili isipokuwa tundu lisilopitisha hata ngumi ya Kidoti. Kuta zake zilikuwa zimeshikwa na kitu cheusi cha kung'aa, kigumu huku na cha kunata kule. Masizi ya kuni aliyajua tangu utoto. Ukiyagusa yanabaki kidoleni kama unga. Hiki kilivutika kama lami, na kilitoa harufu aliyoijua lakini asikumbuke aliisikia wapi.

Alikwangua kipande, akakifunga kwenye gazeti, akaenda nacho kwa yule muuza vyuma chakavu. Alikwenda kwa hasira. Njia nzima alikuwa akiyapanga matusi.

"Umeniuzia mzoga," akamwambia.

Mzee huyo alikuwa akihesabu nati, hakupenda kukatizwa. "Mali ikishatoka hapa hairudi, mama. Tulielewana."

"Sirudishi. Tazama ulichoniuzia."

Alikitazama kile kipande bila hamu, akakinusa, akakirudisha haraka.

"Jiko langu halina neno. Umelilisha nini?"

"Kuni."

"Hizi si kuni. Hii ni gundi na rangi. Unalilisha makabati, mama, halafu unalibana pumzi." Akarudia nati zake. "Kwangua bomba lote. Lishe kuni kavu, zilizopasuliwa nyembamba. Na usiguse kizibo mpaka ubaki na makaa matupu, tena hata hapo kiache wazi kidogo. Moshi ukikosa pa kutokea, unatoka kwenye mapafu ya watu."

Chiriku alisahau matusi yake yote. Harufu ile alikuwa ameikumbuka. Ilikuwa harufu ya mumewe, ya shati lake kila jioni arudipo kazini.

Jioni alimngoja mumewe mpaka amalize kula.

"Baba Kidoti, zile mbao zina gundi?"

"Mbao ni mbao."

"Seremala gani asiyejua ubao wa gundi na usio na gundi?"

Alinawa mikono polepole, kidole kwa kidole. "Ulitaka nifanye nini? Kuni kavu tungezinunua kwa nini? Nilikuwa nikitafuta joto la mama yangu, kama wewe."

"Basi mwambie dada yako hivyo hivyo. Mwambie tulikuwa wawili."

"Nitamwambia."

"Lini?"

"Nimesema nitamwambia, Chiriku. Mbona unanisukuma kama mkokoteni?"

Hakuuliza tena. Alikwangua bomba kwa kisu kikuukuu mpaka mikono ikatoka malengelenge, akalipitisha kitambaa, akamwita jirani akamsaidia kulipandisha. Alichukua mshahara wake wa nusu mwezi akanunua kuni kavu, akazipanga chini ya upenu, magome juu ili mvua iteleze. Alizipasua nyembamba. Kabla ya kuwasha alichoma karatasi mdomoni mwa bomba lipate joto kwanza, maana jirani mmoja, kati ya wale wote wenye ushauri, alikuwa amesema kweli. Moto ukashika. Moshi ukapanda kama mtu anayejua kwao. Chiriku alikaa mbele ya jiko akilia, na hapakuwa na moshi wa kuusingizia.

Alikwenda kumwomba wifi amrudishe mama. Mfanyakazi alimwacha getini muda mrefu kabla wifi hajatokea, na kanga yake ikalowa kwa mvua.

"Jiko nimelitengeneza, wifi. Njoo hata wewe mwenyewe ulione. Halitoi hata..."

"Mama hatoki hapa." Kisha, kwa kuwa majirani wa ng'ambo walikuwa wakitazama, akafungua geti. "Mwamkie uende. Usimchoshe. Mimi naingia dukani."

Bibi alikuwa amelazwa kwenye chumba kisafi chenye mapazia mazito. Alikuwa amepungua hata mto ulionekana mkubwa. Alipomwona Chiriku, uso ukachanua.

"Nyumba hii ina joto," akasema akinong'ona, maana sauti nzima haikurudi. "Lakini hakuna wa kunichekesha."

Chiriku akakaa ukingoni mwa kitanda, akaushika mkono wake. Alijaribu kutafuta kisa cha mashuka, akakosa.

"Mama, mimi ndiye niliyefunga kizibo. Nisamehe."

"Ulifunga ulivyofundishwa." Bibi akapumzika, akavuta pumzi, akaendelea. "Baba yao alikuwa seremala, hukujua? Gundi inapoungua naijua. Nilimwita mwanangu faraghani, nikamwambia, mbao hizo ziache. Akasema, mama, zingine sina. Nikamhurumia. Nikakaa kimya, nikakuacha ukisemwa. Wewe ndiye unisamehe."

"Nitamwambia wifi leo hii, mama. Akitoka tu dukani."

"Hapana." Vidole vyake vilikaza. "Asemaye awe yeye. Ukisema wewe, utakuwa mke aliyemgeuzia mumewe kibao. Akisema yeye, nitakuwa nimezaa mtu. Mwachie nafasi hiyo. Niahidi."

Chiriku aliahidi. Bibi akafumba macho.

"Kwa heri, Chiriku wangu," alisema, kama mtu anayezima taa kwa mkono wake mwenyewe.

Alifariki wiki ile ile, adhuhuri, wifi akiwa dukani anampimia mteja kitambaa.

Msiba ulikuwa kwa wifi. Wanawake walikaa mikekani, wanaume kwenye viti vya kukodi uani. Chiriku alipika, akaosha vyombo, akachota maji, na kila alipopita na sinia, maneno yalikatika kisha yakaungwa nyuma ya mgongo wake. Ndiye huyo. Alimfungia moshini. Hakujibu. Kwa ahadi ile, ulimi wake ulikuwa mzito kama jiwe la kusagia, na watu waliona ukimya huo ni ushahidi.

Mumewe alikaa uani akipokea pole. Usiku walilala mgongo kwa mgongo kwenye chumba cha wageni, mtoto katikati.

"Mbona hujitetei?" alimwuliza usiku wa pili, gizani.

"Niseme nini, nawe upo?"

Siku ya kutawanya watu, wifi alifungua sanduku la mama yake, akawaita wanawake wa ukoo. Aligawa kanga, magauni, mtandio wa sufu. Kila mmoja aliyepokea alizika uso kwenye nguo yake akalia. Chiriku alikuwa amekaa mwishoni mwa mkeka. Zamu ilipomfikia, wifi alimruka, akampa binamu aliyekuwa nyuma yake.

"Wewe huna haja, Mama Kidoti. Kwako zitanuka moshi."

Mtu mmoja akacheka, kisha akajikohoza.

Seremala alikuwa amesimama mlangoni, amekuja kuchukua birika. Alilitua chini. Lilipiga sakafu kwa sauti kubwa kuliko alivyokusudia, na wote wakageuka.

"Mpe, dada."

"Umesema?"

"Mpe na yeye." Mikono yake haikujua pa kukaa. "Kuni zilikuwa zangu. Mimi ndiye niliyezileta, mabaki ya karakana, plaiwudi, mbao za rangi. Mama aliniambia niache. Zile ndizo zilizoziba bomba. Na kile kizibo, mimi ndiye niliyemfundisha kukifunga, ili zisiishe haraka. Mke wangu alikuwa anawasha nilichomletea. Hakujua. Mimi nilijua."

Alisema kwa mkururo, kama anayesoma vipimo vya kabati. Akabaki amesimama.

Wifi alimtazama mdogo wake. "Ukatuacha tumtukane mkeo. Zahanati, mbele ya watu. Mpaka mama anazikwa."

"Ndiyo."

"Kwa sababu gani?"

"Niliogopa utaniangalia hivi unavyoniangalia sasa."

Wifi aliinama kwenye sanduku. Ilikuwa imebaki kanga moja ya zambarau, ile ambayo bibi aliivaa siku za kutoka. Aliikunja, akaikunjua, akaikunja tena, akamfuata Chiriku pale mwishoni mwa mkeka, akamnyooshea kwa mikono miwili.

Chiriku aliitazama asiipokee.

"Mgawie mwingine, wifi," akasema kwa upole. "Mimi mama alikwisha kuniaga."

Akainuka, akamfunga Kidoti viatu, akaaga wakubwa mmoja mmoja kama inavyopasa, akatoka. Mumewe alichukua mzigo wao, akamfuata hatua chache nyuma. Hakumsogelea, na Chiriku hakupunguza mwendo.

Walikuwa wamefika getini waliposikia viatu. Wifi alikuwa anakuja mbiombio, kichwa wazi, kanga ile bado iko mkononi.

"Mama Kidoti. Ngoja." Alikuwa anahema. "Siku ile alipokuaga... mimi sikuwepo. Hata siku yenyewe sikuwepo, nilikuwa dukani. Hakuniaga. Alisema chochote juu yangu? Hata neno moja?"

Mvua ilikuwa imeanza kudondoka moja moja. Chiriku alimtazama mwanamke yule aliyemtukana mbele ya mabenchi ya wagonjwa, akauona uso wa mtoto anayemtafuta mama yake sokoni. Palikuwa na maneno aliyoweza kumpa, na palikuwa na mengine ambayo angeyasema yangemkaa moyoni mpaka kufa kwake. Seremala alikuwa amesimama kando, ameinamisha kichwa.

"Alisema nyumba yako ina joto," Chiriku akamwambia.

Wifi akaiweka kanga usoni. Chiriku akamngoja alie mpaka atosheke, kisha akamshika mkono Kidoti wakaanza kushuka mlima kwenda kwao. Yale maneno mengine ya bibi, kwamba humo hamkuwa na wa kumchekesha, alishuka nayo mwenyewe.